Baridi Haizibi Mkojo

Nainokanoka ni kijiji cha ukungu. Kimekaa juu, karibu na mlima wa Olmoti, na usiku wa Julai hata mtu aliyejifunika shuka tatu hutetemeka. Katika baridi hiyo mzee anatoka nje mara tatu, mara nne, kabla hakujapambazuka. Anasimama kando ya zizi, anasubiri. Mkojo unakuja matone, unakatika, unaanza tena. Anarudi ndani, na kabla usingizi haujamchukua anahisi kibofu kimejaa upya. Asubuhi mkewe akimuuliza, jibu lake ni lile lile la jana: "Ni baridi tu."

Baridi kweli huongeza mkojo. Mwili ukipoa, mishipa ya damu ya ngozini hubana na figo hutoa maji mengi zaidi. Lakini baridi haizibi mkojo. Mtu aliyeamshwa na baridi peke yake hukojoa kwa nguvu, akamaliza, akarudi kulala. Anayesimama gizani akisukuma na kungoja, kisha akaondoka akihisi hajamaliza, huyo ana jambo la kumwona daktari, na mara nyingi jambo hilo liko kwenye tezi dume.

Naandika kwa ajili ya mzee huyo. Lakini naandika zaidi kwa mwanaume mwingine, yule mwenye miaka 45 au 55, anayekojoa vizuri, anayelala usiku kucha, anayeshuka na kupanda na ng'ombe bila kuhema, na ambaye kwa sababu hiyo anaamini habari za tezi dume hazimhusu. Yeye ndiye mwenye nafasi kubwa kuliko wote ya kupona. Na yeye ndiye asiyekwenda kupima.

Tezi moja, magonjwa matatu

Mitaani husikika watu wakisema "fulani ana tezi dume", kana kwamba kuwa nayo ni ugonjwa. Kila mwanaume anayo tangu kuzaliwa. Iko chini ya kibofu, mbele ya njia ya haja kubwa, na mrija wa mkojo hupita katikati yake. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji yanayobeba mbegu za kiume. Kwa kijana haizidi ukubwa wa ndimu ndogo. Umri unavyosogea, nayo hukua.

Magonjwa yake makubwa ni matatu, na kuyachanganya kumewagharimu wengi.

Wa kwanza ni kuvimba kwa tezi kunakoletwa na umri. Hali hii si saratani. Wanaume wengi waliovuka miaka 60 wanayo kwa kiasi fulani, na Januari 2024 hata Mfalme Charles wa Uingereza alitangaza hadharani kwamba analazwa kutibiwa tatizo hilo. Lina dawa, na likizidi lina upasuaji.

Wa pili ni maambukizi. Haya huleta homa, maumivu ya nyonga na mkojo unaochoma. Kwa sisi tunaoishi na mifugo, daktari anapaswa pia kukumbuka brusela, ugonjwa unaotupisha ng'ombe mimba na kumwingia binadamu kupitia maziwa mabichi au kondo la nyuma lililoshikwa kwa mikono mitupu. Brusela huleta homa ya kuja na kuondoka, maumivu ya mgongo, na kwa wanaume huweza kuvimbisha korodani. Ukienda hospitali, mwambie daktari kwamba wewe ni mfugaji na unakunywa maziwa yasiyochemshwa. Taarifa hiyo itamsaidia kutenganisha ugonjwa na ugonjwa.

Wa tatu ni saratani. Mwaka 2022 zaidi ya wanaume milioni 1.4 duniani waligundulika kuwa na saratani ya tezi dume, na karibu 397,000 walikufa kwayo. Katika nchi nyingi za Afrika iliyo kusini mwa Sahara ndiyo saratani inayoongoza kwa wanaume. Watu wenye asili ya Afrika huipata zaidi kuliko wengine. Nchini Uingereza, ambako kumbukumbu za wagonjwa zinatunzwa vizuri, mwanaume 1 kati ya 8 hugundulika nayo katika maisha yake, lakini kwa wanaume weusi ni 1 kati ya 4.

Kwa nini haina kelele

Jambo moja likieleweka, mengine yote katika makala haya yatakuwa mepesi.

Kuvimba kwa uzee huanzia sehemu ya ndani ya tezi, ile inayouzunguka mrija wa mkojo. Ndiyo maana hata uvimbe mdogo hubana mrija, na mtu akahisi mapema. Saratani kwa kawaida huanzia sehemu ya nje, upande wa nyuma, mbali na mrija. Inaweza kukua miaka mingi bila kugusa mkojo. Haiumi, haitoi damu, haipunguzi nguvu za mwanaume. Inapofika mahali pa kuzuia mkojo, au inapokwenda kukaa kwenye mifupa na mgongo ukaanza kuuma, mara nyingi imeshatoka nje ya tezi.

Kwa hiyo mwanaume anayesema "nitapima nikiona dalili" anapanga kufika akiwa amechelewa. Takwimu za Marekani zinaonyesha tofauti ilivyo kubwa. Ugonjwa ukikutwa bado uko ndani ya tezi, karibu wagonjwa wote huwa hai miaka 5 baadaye. Ukikutwa umeshafika mbali, kama kwenye mifupa, wanaobaki hai muda huo hawafiki 4 kati ya 10. Na hapa kwetu Tanzania, wengi hufika hospitali wakiwa kwenye kundi hilo la pili.

Mfugaji hahitaji kufundishwa jambo hili upya. Ndama akizaliwa, mwenye ng'ombe hangoji aanguke ndipo amtazame. Humshika, akapapasa tezi zilizo chini ya sikio, kwa sababu anajua ndigana kali huanza kuvimbisha pale. Siku hizi humchanja ndama mzima kabisa, anayeruka na kunyonya, na hulipa fedha, kisha ndama huvishwa hereni ya kuonyesha kwamba amechanjwa. Hakuna anayemcheka mfugaji huyo kwa kutumia fedha kwa mnyama asiyeumwa. Humwona ana akili. Basi mwenye ng'ombe naye apewe heshima anayopewa ndama wake.

Umri wako unahesabika hata bila cheti

Madaktari wengi hushauri mwanaume aanze kuzungumza na daktari kuhusu kipimo afikapo miaka 50. Kwa wenye asili ya Afrika, na kwa yeyote ambaye baba yake au kaka yake aliugua akiwa chini ya miaka 65, ushauri ni kuanza miaka 45. Kama waliougua katika familia ya karibu ni zaidi ya mmoja, aanze miaka 40.

Wazee wengi wa huku hawakuandikiwa tarehe ya kuzaliwa. Hilo lisimzuie mtu, kwa sababu kwa sisi Wamasai rika ni kalenda. Wazee wa rika la Seuri na la Makaa wote wamevuka 50. Landisi wengi wako kwenye umri huu hasa wa kuanza, na wao ndio ningependa wasome makala haya mara mbili. Korianga bado wana muda, lakini wana kazi ya kufanya: wawaulize baba zao.

Swali la kumuuliza baba ni jepesi: katika ukoo wetu, nani alikufa kwa kuzibwa mkojo? Nani alivishwa mpira wa mkojo? Nani alilala kitandani miezi mingi kwa mgongo mpaka miguu ikafa ganzi? Enzi zile hakuna aliyetaja saratani. Walisema uzee, walisema baridi, wengine walisema amelogwa. Lakini ukisikia habari hizo kuhusu babu au baba mdogo, mweleze daktari. Uliza na upande wa mama, kwa sababu saratani ya matiti au ya mayai ya uzazi kwa mama na dada zake inaweza kuwa na mzizi mmoja na saratani ya tezi dume kwa kijana wa kiume. Kama ndugu zako wamehamia mbali, kama kule Msomera, piga simu. Historia ya ukoo haikai kijiji kimoja.

Na katika boma la wake zaidi ya mmoja, kumbuka hesabu hii. Baba akiugua, hatari huongezeka kwa wanawe wote, wa nyumba ya kwanza hadi ya mwisho. Mtoto wa nyumba ndogo asiyeishi karibu na baba ana haki ile ile ya kuambiwa.

Kipimo kilivyo

Kipimo cha kwanza ni cha damu. Kinaitwa PSA, jina la protini inayotengenezwa na tezi dume, ambayo kiasi kidogo chake huvuja kwenye damu. Unachomwa sindano mkononi kama unavyopimwa magonjwa mengine. Huna haja ya kufunga kula.

Yapo mambo ya kuzingatia ili majibu yasipotoshwe. Kwa siku 2 kabla ya kipimo, usikutane na mwanamke kimwili, na usiendeshe baiskeli wala kufanya mazoezi makali. Kama umetoka kuugua maambukizi ya mkojo, ngoja kama wiki 6 baada ya kupona. Kama uliwekewa mpira wa mkojo karibuni, sema. Na kama unatumia dawa ya kupunguza tezi inayoitwa finasteride, sema pia, kwa kuwa dawa hiyo hushusha kiwango cha PSA karibu nusu na inaweza kumfanya daktari aone usalama usiokuwepo.

Omba upewe namba. Vipo vipimo vya haraka vinavyoonyesha mistari tu, ndiyo au hapana. Vinasaidia pale penye uhaba, lakini namba ndiyo itakayokuwezesha kulinganisha mwaka huu na mwaka ujao. Madaktari wengi wamezoea kutumia 4 kama mpaka wa kutaka uchunguzi zaidi, ingawa umri na mambo mengine hubadilisha tafsiri. PSA iliyopanda haraka kutoka 1 hadi 3 inaweza kumshughulisha daktari kuliko iliyokaa 4 kwa miaka mingi. Namba bila kumbukumbu ni kama ng'ombe bila alama. Iandike kwenye daftari pamoja na tarehe, piga picha kwa simu, mpe mtu mmoja unayemwamini akutunzie.

Sasa kuhusu kidole. Najua hapa ndipo wanaume wengi wanapokunja shuka na kuondoka, na sitapita pembeni. Daktari huweza kutaka kuipapasa tezi kupitia njia ya haja kubwa, kwa kuwa tezi iko sentimita chache tu kutoka hapo, na saratani huota upande huo wa nyuma unaofikika. Unalala ubavu, magoti yamekunjwa kifuani. Daktari anavaa glavu, anapaka mafuta, anapapasa kuona kama kuna mahali pagumu. Hakumalizi dakika moja. Utajisikia vibaya kidogo, lakini kwa kawaida hakuna maumivu makali. Una haki ya kuomba daktari mwanaume, na una haki ya kuomba pazia lifungwe.

Kipimo hicho hakigusi uanaume wa mtu. Na kwa sehemu nyingi siku hizi uchunguzi huanza na damu. Wengi ambao PSA yao iko chini hawafikii hatua ya kidole kabisa. Mtu asikae nyumbani kwa kuogopa jambo ambalo huenda asiambiwe alifanye.

Namba ikipanda

PSA kubwa haimaanishi saratani. Tezi iliyovimba kwa uzee huipandisha, maambukizi huipandisha. Hatua ya kwanza mara nyingi ni kupima mkojo, kutibu maambukizi kama yapo, kisha kurudia PSA baada ya wiki kadhaa. Ikibaki juu, daktari anaweza kuagiza picha ya MRI mahali inapopatikana, au kuchukua kinyama, yaani vipande vidogo vya tezi vinavyotolewa kwa sindano na kupelekwa maabara. Kinyama ndicho kinachothibitisha. Bila majibu ya kinyama, kwa kawaida mtu asikubali kuitwa mgonjwa wa saratani, na asiuze ng'ombe hata mmoja kwa ajili ya tiba ya saratani.

Yapo maneno kwamba kuchukua kinyama huamsha saratani ikasambaa. Si kweli kwa tezi dume. Madhara yanayojulikana ni damu kidogo kwenye mkojo au mbegu kwa siku kadhaa, na maambukizi, ambayo ndiyo sababu wengi hupewa dawa za kuyazuia. Ukipata homa baada ya kutoa kinyama, rudi hospitali siku hiyo hiyo.

Na PSA ndogo nayo haimalizi mambo yote, kwa kuwa saratani chache hujificha nyuma ya namba nzuri. Ndiyo maana kipimo hurudiwa, kwa wengi kila baada ya miaka 2, au kila mwaka namba inapokuwa imesogea juu.

Lazima niseme na upande wa pili, kwa sababu ushauri unaoficha hasara ni wa mfanyabiashara. Saratani nyingine za tezi dume hukua polepole sana, na mzee anaweza kuishi nazo mpaka akafa kwa jambo lingine. Kuzitibu hizo kunaweza kumletea madhara bila faida. Utafiti mkubwa wa Ulaya uliofuatilia wanaume zaidi ya 160,000 katika nchi 8 ulionyesha kwamba baada ya miaka 23, vifo vya ugonjwa huu vilipungua kwa asilimia 13 katika kundi lililoalikwa kupimwa. Faida ipo, nayo huja pole pole. Kwa hiyo mzee aliyevuka miaka 70, au mwenye maradhi mengine mazito, azungumze na daktari kabla ya kupima, wala asisukumwe. Lakini mwenye dalili, awe na umri wowote, aende.

Matibabu, na hofu inayoyazunguka

Ugonjwa ukikutwa mdogo na mpole, daktari anaweza kusema tusiuguse, tuufuatilie. Hiyo nayo ni tiba, na mtu asiidharau. Ukikutwa ndani ya tezi lakini una nguvu, kuna upasuaji wa kuitoa tezi, au mionzi. Ukiwa umesambaa, tiba kuu ni kukata homoni ya kiume inayoulisha, kwa sindano au kwa kuondoa korodani. Daktari Charles Huggins aliyegundua siri hiyo ya homoni alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1966, na mpaka leo njia hiyo hurefusha maisha ya wengi waliochelewa.

Upasuaji na mionzi vinaweza kupunguza nguvu za kiume au kusababisha mkojo kuvuja. Wapo wanaopona hayo, wapo wanaobaki nayo. Uliza kabla ya kusaini. Ila tazama hofu yenyewe inakotupeleka. Mwanaume anayekimbia kipimo kwa kuogopa kupoteza uanaume ndiye anayeweza kuishia mahali ambapo njia iliyobaki ni kukata homoni yenyewe ya kiume, hata kwa kuondoa korodani. Aliyewahi kupima ana mlango zaidi ya mmoja wa kuchagua.

Rais wetu wa awamu ya nne, Jakaya Kikwete, alifanyiwa upasuaji wa tezi dume Novemba 2014 katika Hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, Marekani, akiwa na miaka 64 na bado yuko madarakani. Aliporejea mwishoni mwa mwezi huo aliwaambia wananchi bila kificho kwamba ilikuwa saratani, na kwamba ilikuwa katika hatua za mwanzo. Nelson Mandela aligundulika mwaka 2001 akiwa na miaka 83, akatibiwa kwa mionzi, akaishi hadi 2013. Askofu Desmond Tutu aligundulika mwaka 1997, akaendelea kuhubiri na kusafiri miaka mingi, akafariki Desemba 2021 akiwa na miaka 90. Hawa ni wanaume walioheshimiwa na mataifa, na hawakuona aibu kutaja tezi yao kwa jina.

Mgongo usiopuuzwa

Mchungaji mgongo humuuma. Ametembea, amebeba, amelala chini. Kwa hiyo mgongo ndio mahali saratani hii hujificha vizuri zaidi kwa watu wetu. Maumivu ya kazi hupungua mtu akipumzika. Maumivu yanayozidi usiku, yanayodumu wiki baada ya wiki, yanayoshuka nyongani kwa mwanaume aliyevuka miaka 50, hayo yachunguzwe.

Mambo mawili ni ya dharura, na usingoje asubuhi kama gari lipo. Moja ni mkojo kufunga kabisa huku tumbo la chini limejaa na kuuma. Zahanati au kituo cha afya kinaweza kuweka mpira na kukupa nafuu ndani ya dakika chache. La pili ni miguu kulegea au kufa ganzi ghafla, au kushindwa kuzuia haja, pamoja na maumivu ya mgongo. Huko ni uti wa mgongo unabanwa. Saa chache zinaweza kuamua kama mtu atatembea tena.

Miti shamba na safari ya Samunge

Sisi ni watu wa magome na mizizi, na sitayadharau. Upo mti wa misitu ya milimani ya Afrika, Prunus africana, ambao gome lake limenunuliwa na viwanda vya dawa vya Ulaya kwa miaka mingi kwa ajili ya kupunguza usumbufu wa tezi iliyovimba. Umekatwa mno hata biashara yake ikawekewa udhibiti wa kimataifa. Gome hilo linaweza kumpa mtu nafuu ya kukojoa. Haliponyi saratani. Na hapo ndipo hatari ilipo: mkojo ukifunguka kidogo, mtu husema amepona, na ugonjwa hupata miaka mingine ya kukua kimya. Kama unakunywa supu ya magome, endelea kumwambia daktari unachokunywa, lakini pima kwanza ujue unatibu nini.

Mwaka 2011 wilaya yetu ya Ngorongoro ilijaa magari kuelekea Samunge, kwa Mchungaji mstaafu Ambilikile Mwasapile. Kikombe cha dawa yake kilikuwa shilingi 500. Watu walilala njiani siku kadhaa, wengine wakitoka nchi jirani, na wapo walioacha dawa za hospitali. Sikumbushi haya ili kumlaumu marehemu wala waliokwenda. Walikuwa na maumivu, wakatafuta. Nakumbusha kwa sababu yanathibitisha jambo moja: umbali hautushindi. Mtu wa huku akiamini kuna uzima mwisho wa barabara, atafika. Barabara ya kwenda kupima ni fupi kuliko ile.

Namna ya kwenda

Anzia zahanati au kituo cha afya kilicho jirani. Uliza kama PSA inapatikana hapo, na kama haipo, omba uandikiwe rufaa. Kutoka Nainokanoka wengi hupita lango la Loduare kushuka Karatu, ambako kuna Hospitali ya Kilutheri na hospitali ya FAME. Upande wa pili wa kreta, ulizia huduma zilizopo Endulen. Kabla hujatoka, piga simu au mtume kijana aulize mambo matatu: kipimo kipo wiki hii? Bei yake ni kiasi gani, na bima yangu inakilipia? Majibu hutoka siku hiyo au lini? Simu moja itakuokolea nauli ya safari ya pili. Panga siku ya kipimo iende pamoja na mnada au shughuli nyingine ya Karatu, ili isionekane kuwa mzigo peke yake. Uchunguzi ukihitaji daktari bingwa wa mfumo wa mkojo, kanda hii ina Hospitali ya KCMC, Moshi, na kwa saratani yenyewe kuna Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam.

Uende na nani? Wengi hupelekwa na mtoto wa kiume kwa sababu anajua Kiswahili vizuri. Lakini fikiria: mzee atawezaje kumweleza daktari habari za mkojo na unyumba mbele ya mwanawe, tena mwanawe ndiye anayetafsiri? Atanyamaza, au atasema kichwa kinauma. Nenda na mtu wa rika lako. Mliotahiriwa msimu mmoja hamna cha kufichana. Nendeni wawili au watatu, wote mpime, na aibu itagawanyika hadi isionekane. Malaigwanani, yaani viongozi wa rika, wakilibeba jambo hili kwenye vikao vyao, litafika mbali kuliko bango lolote la barabarani.

Kwa mama zangu, ninyi ndio mnaohesabu ni mara ngapi mlango umefunguliwa usiku. Msimcheke mume, msimseme mbele ya wakwe. Mwambieni faraghani, au mpelekeeni ujumbe kwa mwenzake wa rika. Na mjue, ugonjwa huu hauambukizi. Hautokani na wingi wa wake wala na uzinzi, na kukutana na mume anayeugua hakumpi mke saratani hiyo.

Neno la kuwaachia watoto

Mwanaume akishapima, kazi imebaki moja, na hii haihitaji hospitali. Jioni moja, ng'ombe wakishaingia zizini na moto ukishawashwa, waite wanao wa kiume wa nyumba zote. Waambie: nilipima mwaka huu, namba yangu ilikuwa hii, daktari alisema hivi. Nanyi mkifika miaka 45, msinisubiri niwakumbushe.

Baba zetu walituachia majina ya ng'ombe waliowarithi kwa babu zao, rangi na pembe za kila mmoja. Ugonjwa uliowaua hawakutuachia jina lake, kwa kuwa hakuna aliyewapa. Sisi tumepewa. Tuwape watoto.